Taji la Muda Kwenye Kipandikizi: Limefupishwa Makusudi

Tangu matangazo ya "jino siku hiyo hiyo" yazagae mitandaoni, malalamiko yanayotufikia yamekuwa na sura moja. Mgonjwa amewekewa kipandikizi (mzizi bandia unaopachikwa kwenye mfupa wa taya) na taji la muda (jino bandia linalofungwa juu yake), amefika nyumbani, ameuma meno, na taji haligusani na jino la upande wa pili. Anaona amepunjwa. Wengine hukimbilia kliniki nyingine liongezwe urefu. Tafadhali, msifanye hivyo.

Taji hilo limefupishwa kwa makusudi. Daktari akishalifunga, humwambia mgonjwa aume karatasi ya rangi, inayoacha doa meno yanapogusana, kisha asogeze taya kushoto, kulia na mbele. Doa likibaki juu ya taji, panasagwa na karatasi inarudishwa tena, mpaka meno jirani yawe na madoa na taji libaki safi. Kipandikizi kipya kikichezacheza kupita takriban maikromita 150 (milimita 0.15), mfupa haukishiki. Panaota tishu laini kukizunguka, na mara nyingi mwisho wake ni kukitoa.

Brånemark wa Sweden, mwanzilishi wa vipandikizi vya meno vya kisasa, aliyemtibu mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, alisubiri miezi kadhaa kabla ya kuweka jino. Leo tunaweza kuliweka siku hiyo hiyo endapo kipandikizi kimekaza vya kutosha. Madaktari wengi hutaka angalau nyutoni-sentimita 35, kipimo cha nguvu ya kukikazia. Kisipofika hapo, utaambiwa usubiri. Ajabu ni kwamba hata hilo huletwa kwetu kama malalamiko.

Kwa kawaida taji la muda ni la akriliki, na tunapendelea lifungwe kwa skrubu, kwa sababu gundi hupenya chini ya fizi mbichi na kuleta uvimbe. Tundu la skrubu huzibwa kwa utepe wa Teflon, kisha kwa dawa ya kuzibia meno. Sehemu inayogusa fizi hung'arishwa sana, maana ndiyo inayoipa fizi umbo. Likilegea, rudi kwa daktari wako siku hiyo hiyo. Supagluu si dawa ya meno. Tumechoka kulisema hili.

Wiki ya pili hadi ya nne ndizo za hatari: mshiko wa mwanzo unapungua na mfupa mpya bado haujakomaa. Ndipo maumivu yanapoisha na mgonjwa anarudia mishikaki na mahindi ya kuchoma. Kula vyakula laini kwa wiki sita hadi nane, usitafunie upande huo, na usivute sigara.

Kabla ya kulipa, hakikisha daktari amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na uombe nakala ya kibandiko cha kipandikizi chenye jina la mtengenezaji, ukubwa na namba ya toleo. Vifaa tiba husimamiwa na TMDA, Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Ukiwa na lalamiko, anza na uongozi wa kituo, kwa maandishi, ukiambatisha risiti, picha za eksirei na tarehe za matibabu. Likifika Barazani, pande zote mbili husikilizwa. Daktari anaweza kuonywa, kusimamishwa au kufutiwa usajili. Asiye na usajili kabisa ni suala la jinai, na polisi wanahusika.

Picha ya jino iliyotumwa WhatsApp bila jina la kituo wala tarehe haitoshi kufungulia jalada.