Charleston: anzia uani, sebuleni utafika tu

Mtu akiniambia anaenda Charleston, South Carolina, kitu cha kwanza namuuliza umekata tiketi ya nyumba gani. Maana mji ule umejaa majumba ya matajiri wa zamani yaliyogeuzwa makumbusho, na wageni wengi wanaingia mlango wa mbele, wanaonyeshwa vioo na vyombo vya fedha, wanapiga picha, haoo wanaondoka. Mimi kazi yangu ni kuhifadhi majengo ya kale, nimekulia kwenye chokaa na boriti za Mji Mkongwe Zanzibar, kwa hiyo nasema wazi tu, jumba ukiliona bila ua wake umeona nusu, tena ile nusu iliyopakwa rangi.

Nenda Aiken-Rhett, mtaa wa Elizabeth. Ni ya mwaka 1820 hivi, na wanaoitunza, Historic Charleston Foundation, waliamua wasiifanye mpya, wanazuia isianguke basi. Karatasi za ukutani zimebanduka, rangi imechubuka unaona tabaka juu ya tabaka, kuna wageni wananung'unika eti mbona pamechakaa na hela tumelipa. Sasa taasisi hiyohiyo inatunza na nyumba ya Nathaniel Russell ya 1808, hii wameirudisha ilivyokuwa enzi zake, ngazi yake inapanda ikijizungusha kama inaelea, ni ufundi kwelikweli sibishi. Lakini ukirudisha nyumba ilivyokuwa lazima uchague mwaka mmoja ufute mingine yote, na mwaka unaochaguliwa mara nyingi ni ule ambao bwana mwenye nyumba alikuwa amependeza.

Pale Aiken-Rhett, uani kuna jiko na chumba cha kufulia, na juu yake vyumba walimolala watumwa, ng'ambo kuna banda la farasi, na ukuta mrefu umezunguka kote. Kaa uani kwanza halafu ndio uingie jumbani, utaona kila kitu tofauti, ile meza kubwa ya chakula utaanza kujiuliza nani alibeba sahani kutoka kule, kwa jua lile.

Halafu yatazame matofali, sio hapo tu, mji mzima na mashamba ya pembeni. Yalifinyangwa kwa mikono na watumwa, watoto wakiwemo, na kwenye baadhi yake alama za vidole zimebaki mpaka leo, nenda McLeod Plantation kule James Island utaziona kwenye majengo. Chokaa yao ya zamani walichoma maganda ya chaza, sisi tulichoma matumbawe, na ugonjwa ni uleule: akija fundi akaziba ufa kwa saruji, saruji ngumu, tofali laini, unyevu unakosa pa kutokea na tofali ndilo linaloliwa. Na zile sahani za chuma unazoziona zimebana kuta kwa nje sio mapambo jamani, ni vichwa vya nondo zilizopitishwa ndani ya nyumba, nyingi baada ya tetemeko la Agosti 1886.

Kwa makumbusho yenyewe, International African American Museum ndiyo ya kuipa muda. Ilifunguliwa Juni 2023 pale ilipokuwa Gadsden's Wharf, bandari walipoteremshwa makumi ya maelfu ya Waafrika kabla Marekani haijapiga marufuku kuwaingiza mwaka 1808. Jengo limeinuliwa juu ya nguzo 18, chini wameacha ardhi wazi, bustani ya kumbukumbu iliyobuniwa na Walter Hood. Humo kuna bwawa la maji mafupi, sakafuni maumbo ya watu waliolazwa wamebanana kama melini, maji yakijaa yanawafunika, yakitoka wanaonekana tena. Ndani kuna kitengo cha kutafuta ukoo, watu wanatoka pale macho mekundu.

Old Slave Mart, mtaa wa Chalmers, ni kadogo lakini usikaruke. Mwaka 1856 mji ulikataza kunadi watu hadharani barabarani, biashara haikufa, waliiingiza ndani tu, na hili jengo ni la 1859. Nyuma palikuwa na gereza, jiko, na chumba cha maiti. Aliyewahi kushuka vyumba vya chini walimofungiwa watumwa pale Mkunazini, Zanzibar, ataelewa mapema tu.

Ukitembea East Bay Street simama kwenye nyumba ya Christopher Gadsden, huyohuyo wa bandari. Geti lake la chuma lina nyoka, wametoka kwenye ile bendera yake ya njano yenye nyoka, ya enzi za vita vya uhuru wa Marekani, na aliyelifua ni Philip Simmons, fundi mweusi wa mjini hapohapo aliyefariki 2009. Hakuna tiketi, uko barabarani.

Na vikapu vya kina mama wa Kigullah, wajukuu wa Waafrika waliofanywa watumwa pwani ile, pale City Market. Hawasuki ukili kama sisi, wanazungusha fungu la majani na kulishona kwa ukuti wa palmetto, mti wa jamii ya mtende, wakitoboa kwa mpini wa kijiko uliosagwa. Umbo la zamani kabisa ni ungo wa kupepetea mpunga, maana utajiri wa majumba yote haya ulianzia kwenye mpunga, na ujuzi wa kuulima ulikuja na Waafrika. Bei itakushtua. Majani yamekuwa adimu kwa sababu ufukwe umejengwa mahoteli, na kikapu kikubwa kinakula wiki na wiki, kwa hiyo kama huna hela nunua kikapu kidogo, ila usimkatie mama wa watu bei kama uko sokoni Darajani, Zanzibar.

Jumatatu ile International African American Museum imefungwa, panga safari yako vizuri. Julai na Agosti joto lake ni la Dar kabisa, nyumba fanya asubuhi. Na bahari ikijaa sana baadhi ya mitaa inafurika hata bila mvua, vaa viatu usivyovionea huruma.