Nafasi Yake Ikae Wazi: Vikundi vya Sanaa na Wenzetu Wenye Ugonjwa wa Akili

Hapa Uganda, mtu akilazwa Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, wiki kadhaa kisha akarudi nyumbani, ni nadra afukuzwe kwenye kwaya au kikundi cha ngoma alichokuwamo. Huambiwa kwa upole, "Pumzika kwanza, kaka." Mwezi wa kwanza anapumzika, wa pili pia. Ukifika wa tatu, ngoma yake ina mpigaji mwingine, sare yake imevaliwa na mwingine, naye anasikiliza mazoezi akiwa nje ya ukuta. Katika kazi yangu ya kuwasaidia wagonjwa wa akili kurudi kwenye maisha ya kila siku, nimeona upole huu ukiumiza kuliko kuitwa mulalu, yaani kichaa, barabarani. Tusi angalau mtu anaweza kulijibu.

Kwa hiyo kikundi kinapotuuliza namna ya kumpokea mtu mwenye skizofrenia, inayoweza kumfanya asikie sauti ambazo wengine hawazisikii, baipola, inayompandisha na kumshusha mno kihisia, au sonona, ile huzuni nzito isiyoondoka, tunaanza na ombi moja: nafasi yake ikae wazi mpaka arudi.

Itakaaje wazi na onyesho lipo Jumamosi? Tazameni amadinda, marimba ya mbao ya Buganda. Ina mbao 12 na wapigaji watatu. Omunazi huanza, omwawuzi huingiza mapigo yake katikati ya yale ya mwenzake, na omukoonezi hupiga mbao mbili tu za mwisho, zenye sauti ya juu kabisa. Mbao mbili! Lakini ndiye anayeufanya wimbo uchomoze kutoka ndani ya mapigo ya wenzake, na lazima awasikie wote wawili kwa wakati mmoja. Basi aliyekuwa omunazi, akirudi mikono ikitetemeka, akae upande wa omukoonezi kwa majuma machache. Kwenye igizo, kila nafasi ifundishwe watu wawili tangu siku ya kwanza, ili asipokuwepo mmoja kazi iendelee bila yeye kuhesabiwa kuwa ameondoka.

Kuhusu hiyo mikono: wengi hudhani kutetemeka, kukakamaa na uzito wa miguu ndio ugonjwa wenyewe. Mara nyingi ni dawa, hasa zile za zamani ambazo kliniki zetu hutumia sana, kama haloperido na klopromazini. Kiongozi wa kikundi akilijua hili, hatamwita mtu mvivu. Klopromazini huleta usingizi na huifanya ngozi iungue upesi juani, kwa hiyo mazoezi ya saa kumi jioni chini ya mwembe yanamfaa kuliko ya saa sita mchana uwanjani. Dawa kadhaa hukausha kinywa, na mwimbaji mwenye kinywa kikavu anahitaji chupa ya maji karibu, asilazimike kuomba ruhusa ya kunywa. Anayetumia lithiamu, dawa ya baipola, aangaliwe zaidi kwenye ngoma za kutoa jasho kama Larakaraka au Runyege. Mwili ukipungukiwa maji, dawa hiyo hujaa kwenye damu. Akianza kutapika, kutetemeka kwa nguvu au kuyumba, ngoma isimame na apelekwe hospitali.

Niliwahi kumhudumia mchezaji aliyeacha vidonge ili kiuno kiwe chepesi siku ya mashindano. Alicheza vizuri mno siku ile, na baada ya majuma machache alikuwa wodini. Dawa ikimzidi mtu nguvu, kliniki inaweza kupunguza kipimo au kumbadilishia. Mwalimu wa ngoma asikubali kamwe kuwa sababu ya kuiacha.

Nawaomba pia msianzishe kikundi cha wagonjwa peke yao. Wachanganyeni na majirani, walimu, vijana wa boda, na mtazamaji asitangaziwe nani ni nani. Atakayetaka kusimulia yaliyompata jukwaani asimulie, na akighairi saa moja kabla ya onyesho, simulizi litoke. Vivyo hivyo kwa picha. Na lile jukumu la kichaa wa matambara anayewachekesha watu liachwe kabisa. Walio ukumbini wanaofahamu ugonjwa huu kwa undani huliona, nao hawarudi tena. Katika miji kama Busia na Bombo, ambako Kiswahili huwakutanisha watu wa lugha nyingi, igizo la kubuni papo kwa papo humfaa sana mtu ambaye ugonjwa au dawa vimemchelewesha kukariri.

Sanaa peke yake haitibu skizofrenia. Hata hivyo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipitia tafiti zaidi ya 3,000 na kuona kwamba sanaa husaidia katika kinga na matibabu. Hapa kwetu, utafiti wa Rakai na Masaka uliochapishwa mwaka 2003 haukuhusu ngoma, ila ulionyesha nguvu ya kukutana: watu wenye sonona waliokaa kwenye vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, walipata nafuu kubwa. Uganda iliridhia Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2008, na kifungu cha 30 kinatambua haki yao ya kukuza vipaji vyao kwa faida yao na ya jamii.

Kabla hajaugua tena, mwulizeni mwenyewe dalili zake na nani aitwe. Mmoja atasema, "Nikikesha siku mbili, mpigieni dada." Akizungumzia kujiua, msingoje ratiba, asiachwe peke yake, afikishwe kwenye huduma siku hiyohiyo. Hospitali za rufaa kama za Mbale, Gulu na Arua zina vitengo vya afya ya akili.

Akilazwa, wawili wamtembelee wodini. Wasimhoji kuhusu ugonjwa. Wamweleze wimbo upi umebadilishwa na nani amechelewa mazoezini. Changeni nauli ya boda ya siku zake za kwanza. Atakaporudi, msimfanyie sherehe. Mpeni vijiti vyake, mwonyesheni mmefika wimbo gani, mwanze.