Kuhesabu hadi mia si kujua hesabu

"Mwanangu yuko chekechea na anahesabu mpaka mia!" Wazazi wengi huamini kuwa mtoto wa namna hiyo hesabu zimeshamkaa. Bado. Kutaja namba kwa mfuatano ni kazi ya kumbukumbu, sawa na kukariri wimbo.

Mmwagie mezani vizibo kumi vya soda, kisha umwambie, "Nipe vinne." Watoto wengi wa miaka mitatu, hata wanaotaja namba bila kukosea, huchota konzi nzima na kukukabidhi. Mwanasaikolojia Karen Wynn wa Marekani alieleza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 1990: mtoto huelewa kwanza moja, baadaye mbili, halafu tatu, na kati ya hatua hizo miezi huweza kupita.

Akimaliza kuhesabu, muulize, "Kwa hiyo viko vingapi?" Ambaye hajaelewa huanza upya: moja, mbili, tatu… Hajang'amua kuwa namba aliyoishia ndiyo jibu.

Mazoezi yanayofaa, basi, ni ya mikono zaidi kuliko mdomo. Agawe vijiko, kila mtu kimoja, vimebaki vingapi? Panga kizibo chekundu, cheusi, chekundu, cheusi: kinafuata kipi, na kwa nini? (Hilo "kwa nini" wengi hulisahau.) Akitumia vidole, mwache, huo si uzembe. Akikwama kwenye kumi, rudi kwenye vizibo vitatu.