Huyu "Takwimu, O. ya T." ni nani?

Juzi kaja mwanafunzi hapa kaunta ya maktaba, katoka kugombania mwendokasi jasho linamtiririka, laptopu kaikumbatia kama mtoto mchanga. Supavaiza kamrudishia disatesheni, kwenye marejeo kazungushia wino mwekundu: "Takwimu, O. ya T.". Pembeni kaandika, huyu ni nani?

Nilicheka kwanza. Huyo Takwimu ni Ofisi ya Taifa ya Takwimu bwana, hao hao waliotuhesabu kwenye Sensa ya 2022 tukafika watu 61,741,120!

Ilikuwaje? Kijana anatumia Zotero, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason, Marekani, mwaka 2006, inakutunzia vyanzo vyako alafu inakupangia marejeo ndani ya Word. Sasa sehemu ya mwandishi ina viboksi viwili, jina la ukoo na jina la kwanza, yeye akaweka Takwimu kwenye ukoo, Ofisi ya Taifa akaiweka kwenye jina la kwanza, na programu haijui kama ofisi sio mtu, ikafupisha kama inavyofupisha jina la Juma. Dawa yake ni sekunde tano tu: pembeni ya jina kuna kialama, ukikibonyeza viboksi viwili vinakuwa kimoja, unaandika jina zima la taasisi. Wizara, Benki Kuu, halmashauri, zote fanya hivyo hivyo.

Makala za majarida ndo hazisumbui, zina DOI, ile namba ya utambulisho wa kila makala inayoanza na 10, unaibandika Zotero inajivutia kila kitu yenyewe. Hata hivyo angalia, kuna majina ya waandishi yanaingia yote kwa herufi kubwa na vichwa vya habari vinakuja vimekatika. Na wale mnaoiomba ChatGPT iwatafutie vyanzo (nawajua, msijifiche) chukueni hiyo DOI mkaiweke doi.org kwanza, maana inaweza kukutungia makala ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote, au namba ikawa ya kweli ila inafungua makala ya mambo ya samaki wakati wewe unaandika mikopo ya vikoba.

Ripoti za serikali mtandaoni nazo zinahama, leo ipo, mwezi ujao tovuti imebadilishwa linki inafungua ukurasa mtupu. Ukiiona tu daunlodi pdf, andika tarehe uliyoisoma, na linki yenyewe kaihifadhi Wayback Machine, tovuti inayotunza kopi za kurasa za mtandaoni, ni bure.

Bando sasa. Zotero inafanya kazi bila intaneti ila nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, ukipakia pdf za skani inajaa hata hujamaliza sura ya pili. Mendeley, programu nyingine ya kazi hiyo hiyo, inatoa GB 2. Mimi nawaambiaga zimeni kupandisha mafaili, mwache taarifa za vyanzo peke yake ndo zipande, pdf wekeni kwenye flashi mbili, sio moja.

Na kabla hujaituma kazi kwa supavaiza tengeneza kopi, alafu kwenye hiyo kopi bonyeza kitufe cha kukata mawasiliano ya Word na Zotero ili marejeo yawe maandishi ya kawaida. Nimesema kopi jamani, ukikata kwenye faili lenyewe hayajirekebishi tena, utayaandika kwa mkono.