Selimundu hutoka pande zote mbili: jinsi ugonjwa wa kurithi unavyopita katika ukoo

Swali linaloulizwa sana na familia za watoto wenye selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi huuita siko seli, halihusu dawa. Huulizwa na baba, na mara nyingine na bibi mzaa baba aliyemsindikiza mkwewe kliniki: "Mbona kwetu hakuna ugonjwa huu?" Ndani ya swali hilo mna shtaka. Maana yake ni kwamba mama ndiye aliyeuleta ugonjwa kutoka kwao. Wapo kina mama waliorudishwa nyumbani kwa wazazi wao kwa sababu ya swali hili, na wapo waliobaki kwenye ndoa lakini wakabebeshwa lawama maisha yao yote. Jibu lipo, tena halina utata, ila linahitaji kwanza tuelewe namna jeni zinavyorithiwa.

Karibu kila seli ya mwili ina kiini, na ndani ya kiini mna nyuzi 46 zinazoitwa kromosomu. Zimepangika jozi 23, na katika kila jozi uzi mmoja ulitoka kwa baba, mwingine kwa mama. Jozi ya mwisho ndiyo inayohusika na jinsia: kwa kawaida mwanamke ana X mbili, mwanamume ana X na Y. Kila kromosomu ni uzi mrefu wa DNA, ambayo wengi wetu tunaijua kwa jina la vinasaba, na vipande vya uzi huo vyenye maagizo ya kutengeneza protini ndivyo jeni. Binadamu ana jeni za namna hiyo zipatazo 20,000. Kwa kuwa kromosomu huja jozi, jeni nazo huja mbilimbili: nakala ya baba na nakala ya mama.

Lakini yai la mama na mbegu ya baba hubeba kromosomu 23 tu, nusu ya kawaida. Kwa hiyo mzazi mwenye nakala mbili za jeni fulani humpa mtoto moja tu. Ipi itoke, hakuna anayechagua. Chakula hakiamui, tabia haiamui, dua mbaya ya jirani haiamui.

Herufi moja kwenye kromosomu ya 11

Hemoglobini ndiyo protini inayoifanya damu iwe nyekundu na inayobeba oksijeni. Jeni ya sehemu yake inayoitwa beta iko kwenye kromosomu ya 11, na protini inayotokana nayo ni mnyororo wa viungo 146. Kwa mwenye selimundu, herufi moja ya DNA katika jeni hiyo imebadilika, na kwa badiliko hilo kiungo cha sita, ambacho kilipaswa kuwa asidi ya glutamiki, kimekuwa valini. Viungo vingine vyote viko sawasawa. Vernon Ingram aligundua tofauti hiyo ndogo nchini Uingereza katika miaka ya 1956 na 1957, na hadi leo nashangaa jinsi kosa dogo namna hiyo linavyoweza kumtesa mtu mwili mzima.

Hutokea hivi. Hemoglobini hiyo inapoachia oksijeni, hushikamana yenyewe kwa yenyewe na kuwa nyuzi ngumu. Seli nyekundu, ambayo kwa kawaida ni laini na hupenya mishipa myembamba bila shida, hukakamaa na kujipinda mithili ya mundu. Zikijazana kwenye mshipa, damu haipiti, na sehemu iliyokosa damu huuma kwa maumivu ambayo wagonjwa wazima hushindwa kuyaeleza. Kisha seli hizo hufa mapema: seli nyekundu ya kawaida huishi siku zipatazo 120, lakini hii huishi kati ya siku 10 na 20. Mwili haumudu kuzifidia, ndipo mtoto anapopungukiwa damu na macho yake kuwa ya manjano.

Mtoto mchanga huwa haonyeshi dalili yoyote, kwa sababu bado ana hemoglobini ya tumboni ambayo haina kasoro hiyo. Hemoglobini hiyo hupungua taratibu, na kuanzia kama miezi sita ndipo viganja na nyayo huvimba, mtoto hulia akiguswa, homa zinaanza. Mzazi hukumbuka kwamba alijifungua mtoto mzima kabisa, na hapo ndipo maneno ya kurogwa huanza kusikika nyumbani.

AA, AS na SS

Nakala ya kawaida ya jeni hii huandikwa A, na yenye kasoro huandikwa S. Mwenye AA hana kasoro. Mwenye SS anaumwa. Mwenye AS ana nakala moja ya kila aina, na nakala ile nzima inatosha kumfanya aishi maisha yake akiwa na afya. Analima, anacheza mpira, anazaa, anazeeka. Hajui chochote hadi apimwe. Nchini Tanzania watu wa namna hii wanakadiriwa kuwa kati ya asilimia 13 na 20, yaani katika daladala moja iliyojaa hawakosekani.

Naomba nitenge jambo moja hapa, kwa sababu linachanganya wengi. Herufi hizi si kundi la damu. Mtu akiulizwa kama ni AS hujibu, "Mimi ni grupu O." Makundi ya A, B, AB na O yanatokana na jeni nyingine kabisa, iliyo kwenye kromosomu ya 9, na kulijua kundi lako hakukuambii lolote kuhusu selimundu.

Sasa turudi kwenye swali la baba. Ili mtoto awe SS, lazima apokee S mbili, na mama hana uwezo wa kumpa zote mbili. Moja ilitoka kwa baba. Hiyo S imekuwamo katika ukoo wa baba kwa vizazi, ikipita kwa watu wenye AS, wote wazima, bila mtu kuiona. "Kwetu hakuna ugonjwa" inaweza kuwa kweli tupu, na bado S ikawamo. Au pengine ugonjwa ulikuwamo: wale watoto wa bibi waliofariki wakiwa na mwaka mmoja au miwili kwa "homa" na "kuishiwa damu" hawakupimwa na yeyote.

Baba na mama wakiwa AS wote wawili, katika kila mimba uwezekano wa mtoto kuwa SS ni robo, kuwa AS ni nusu, kuwa AA ni robo. Neno zito hapo ni *kila mimba*. Wazazi wengi hulielewa vibaya, wakidhani kuwa wakishapata mtoto mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Ni kama kurusha shilingi: haikumbuki iliangukia upande gani mara iliyopita. Zipo familia zenye watoto wanne na wote SS, na zipo zenye saba na hakuna hata mmoja. Mmoja wa wazazi akiwa AA, hapatazaliwa SS. Mmoja akiwa SS na mwenzake AS, uwezekano unapanda hadi nusu.

Kwa nini ni wengi hivi huku kwetu

Jeni yenye madhara kiasi hiki ilipaswa kupungua kadiri vizazi vinavyopita. Haikupungua, na aliyeonyesha sababu ni Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya. Mwaka 1949 alipima damu za watu wa jamii mbalimbali nchini humo, akaona kwamba pwani na kandokando ya Ziwa Victoria wenye S ni wengi sana, ilhali kwenye nyanda za juu zenye baridi ni wachache mno. Ramani hiyo ilifanana na ya malaria. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye AS hukingwa dhidi ya malaria kali. Watoto wa AS walinusurika pale ambapo wenzao wa AA walikufa, wakakua, wakazaa, wakairithisha S. Ndivyo ilivyo pia kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa na mwambao wetu leo, na kwa jamaa zao waliohamia mbali. Nayo si ya Afrika peke yake, kwani imeenea pia Uarabuni na India, ambako malaria ilikuwapo.

Kinga hiyo ni ya AS tu. Mtoto wa SS akipata malaria yumo hatarini kuliko mtoto mwingine yeyote, kwa hiyo alale kwenye chandarua kila siku na apewe dawa za kinga kadiri atakavyoelekezwa na daktari.

Kipimo kipi, na tahadhari moja kubwa

Kipimo cha haraka kinachofanywa katika vituo vingi huonyesha tu kwamba S ipo. Hakitofautishi AS na SS. Nimekutana na watu wazima wenye afya tele walioambiwa "una siko seli" kwa kipimo hicho wakaishi na hofu kwa miaka, kumbe ni AS. Tena hakiaminiki kwa mtoto wa chini ya miezi sita. Omba kipimo kinachotenganisha aina za hemoglobini, ambacho majibu yake yanataja AA, AS au SS. Na kama mtu ameongezewa damu karibuni, mwambie mtaalamu, kwa sababu itapimwa pia damu ya mchangiaji. Kwa kawaida husubiriwa kama miezi mitatu.

Tahadhari yenyewe ni hii. Ikitokea mtoto amepimwa SS na baba akaambiwa hana S, asimgeukie mkewe. Ipo kasoro nyingine ya jeni hiyohiyo ya beta, inayoitwa thalasemia. Baba mwenye nakala ya thalasemia hana S, lakini mtoto akipokea thalasemia hiyo kwake na S kwa mama, majibu yanaweza kusomeka kama SS na mtoto akaumwa vilevile. Makosa ya maabara nayo hutokea. Kipimo cha hemoglobini hakikubuniwa kuamua baba wa mtoto ni nani, na kukitumia hivyo ni kumdhulumu mwanamke.

Si kila ugonjwa wa kurithi unafuata njia ya selimundu, ingawa ualbino unaifuata: nao huhitaji nakala mbili zenye kasoro, na aina iliyo nyingi zaidi Afrika Mashariki inatokana na jeni iliyo kwenye kromosomu ya 15. Wazazi wenye ngozi nyeusi wote wawili wanaweza kumzaa mtoto mwenye ualbino, na mtoto ni wao. Kwa kasoro adimu za aina hii, ndoa za binamu huongeza uwezekano, kwa kuwa babu mmoja anaweza kuwa ameirithisha nakala moja kwa pande zote mbili. Hemofilia, ugonjwa wa damu kutoganda, iko kwenye kromosomu ya X, hivyo huwapata hasa wavulana, ambao hawana X ya pili ya kuwaokoa. Mama ndiye humpa mwanawe X, lakini takriban theluthi ya wagonjwa hawana historia yoyote katika ukoo, kwa sababu badiliko linaweza kuanza upya. Na Sindromu ya Down haihusu jeni moja. Mtoto ana kromosomu ya 21 tatu badala ya mbili, na mara nyingi sana hakuna alichorithi kwa yeyote.

Mtoto akishagundulika

Tanzania inakadiriwa kupata watoto wapatao 11,000 wenye selimundu kila mwaka, idadi iliyo miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Wengi wanaopotea hupotea kabla ya miaka mitano, na inauma kwa sababu mengi ya yanayowaua yanazuilika kwa vitu vya kawaida. Bandama lao huharibika mapema, wakawa hawana nguvu ya kupambana na bakteria. Penisilini ya kila siku hadi miaka mitano hupunguza sana hatari hiyo. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1986 ulionyesha maambukizi makali yakipungua kwa asilimia 84. Chanjo zote zikamilishwe. Homa yoyote ni ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, si kesho asubuhi. Mama afundishwe kupapasa bandama chini ya mbavu za kushoto, maana linaweza kuvimba ghafla na kufyonza damu yote ndani ya saa chache. Udhaifu wa upande mmoja wa mwili au mdomo kupinda ni kiharusi, hata kwa mtoto wa miaka minne.

Dawa ya haidroksiurea huuamsha mwili utengeneze tena ile hemoglobini ya tumboni. Utafiti uliofanyika Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda kwa watoto zaidi ya 600, ukachapishwa mwishoni mwa 2018, ulionyesha maumivu, kuongezewa damu, malaria na vifo vyote vikipungua. Upandikizaji wa uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, unaweza kuponya kabisa, na Hospitali ya Benjamin Mkapa jijini Dodoma ilianza kuufanya kwa watoto wenye selimundu mwaka 2023. Mwaka huohuo Uingereza na Marekani ziliidhinisha tiba ya kuhariri jeni, ila kwa Marekani bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja.

Familia yenye mtoto wa SS isiishie kumtibu yeye tu. Wadogo na wakubwa zake wapimwe, kwa kuwa mwenye afya kati yao, kama wazazi wote ni AS, ana uwezekano wa theluthi mbili kuwa AS naye. Ami, shangazi, mama wadogo na wajomba kila mmoja ana walau nusu. Wapimwe kabla ya kuoa na kuolewa, na kabla ya mahari kupelekwa, ili wawili wakae na mshauri na kuamua wenyewe huku hakuna anayewasukuma. Kipimo ni cha mara moja maishani. Jibu likiandikwa kwenye daftari la kliniki, litunzwe pamoja na cheti cha kuzaliwa.