Sio Mchina aliyeua viwanda vya sufu Marekani

Kila nikisikia eti viwanda vya sufu vya Marekani viliuliwa na bidhaa za China nacheka tu, maana cheki Lawrence, Massachusetts, pale kuna kiwanda cha sufu cha Wood Mill cha 1906, lidude la matofali kando ya mto Merrimack, lililokuwa mali ya kampuni ya sufu ya American Woolen, na kampuni yenyewe ilimezwa na kampuni nyingine, Textron, 1955 wakati Marekani imeiwekea China vikwazo vya biashara! Kilichoua ni oda za jeshi kukatika baada ya Vita vya Pili vya Dunia, nailoni na wenzake kuingia, halafu matajiri wakahamia kusini mwa Marekani kufuata mishahara midogo. Lawrence wafanyakazi walikuwa wabishi bana, 1912 saa zilishushwa kutoka 56 hadi 54 kwa wiki na hela ikakatwa, wakagoma kama miezi miwili wakaongezewa.