Menta kwa mwanafunzi wa uinjinia ni nani hasa

Ukiwauliza wanafunzi wengi wa uinjinia menta ni nani watakwambia ni mtu mwenye cheo atakayekuvuta kazini, yani koneksheni. Hapana jamani. Menta ni injinia aliyekula chumvi kazini, amekubali kukulea kitaaluma kwa muda, anakuonyesha anavyofikiri akikutana na tatizo na anafuatilia unavyokua. Kazi inaweza kuja au isije, bado ni menta wako.

Lekcha siyo menta, maana yeye mwisho wa siku ana mtihani na maksi. Supavaiza wa PT, yani mafunzo kwa vitendo, naye mara nyingi anasaini logibuku mnaagana.

Chukua mfano wa sivo, yani uinjinia wa majengo na barabara. Darasani umesoma zege linapimwa slampu, yani ulaini wake, kwa ile koni ya milimita 300 na kyubu, yani vibonge vya zege vya kupimia nguvu, zinavunjwa siku ya 7 na ya 28, swali umelipata vizuri tu. Sasa uko saiti Dar saa nane mchana, jua kali, lori la zege lilikwama foleni na limefika zege limeshaanza kukaza, dereva anataka kuongeza maji, mafundi wamesimama wanakuangalia wewe, unafanyaje? Injinia mzoefu anajua maji yatalilainisha zege ila yataliua nguvu, anajua pia kurudisha lori ni hela na ni ugomvi, anajua ampigie nani na aandike nini kwenye daftari la saiti. Menta ndo anakaa na wewe baadae anakueleza kwa nini aliamua vile na wapi alisita, na hapo ndipo penye utamu wote, kwa sababu slaidi za darasani hazina hicho kitu.

Tanzania hili lipo mpaka kwenye utaratibu. Ukimaliza digrii yako ya miaka 4, ERB, yani Bodi ya Usajili wa Wahandisi, inakusajili kama mhandisi mhitimu, na kabla hujawa mhandisi mtaalamu kuna mafunzo kazini ya miaka 3 yanaitwa SEAP, yalianza 2003, unayafanya chini ya uangalizi wa mhandisi mtaalamu. Kenya pia EBK, yani Bodi ya Wahandisi ya huko, wanadai uzoefu wa miaka kadhaa kabla hujapanda ngazi hiyo. Ila mimi nasema usisubiri mpaka uhitimu, mtafute ukiwa PT ya mwaka wa pili au wa tatu, muda ambao bado unaweza kuchagua projekti ya mwaka wa mwisho kwa kufuata ulichokiona kazini.

Sasa unampataje, meseji ya "Shikamoo injinia naomba uwe menta wangu" inamwacha mtu hajui aanzie wapi na wengi hawajibu kabisa. Anza na swali la kazi, mfano "Shikamoo injinia, juzi niliona mmeweka nondo za milimita 12 nyingi badala ya za 16, naomba kujua mliangalia nini zaidi ya eneo la chuma?" Akikujibu nenda kafanyie kazi, piga hesabu zako halafu umrudishie akukosoe, ukifanya hivyo mara kadhaa ataanza kukuita mwenyewe kila kukiwa na jambo saiti.

Projekti yako usimpe akufanyie, na hela ya nauli usimuombe.